Kinyozi Hajinyoi: Safari ya Pikipiki Katika Nchi ya Baridi

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

  Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matano: kokoto, sufu, pantoni, kutetemeka, sharti. Tutakutana nayo njiani, na kila moja nitalieleza.

Leo sitafundisha hesabu wala kilimo. Nitawasimulia safari niliyosafiri mimi na rafiki yangu mmoja, kila mtu juu ya pikipiki yake, katika pori la kaskazini ya mbali. Mimi ni fundi wa magari, mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi nchini Kanada. Huko nilipata rafiki, mtu wa Mombasa, dereva wa malori. Yeye alinizidi umri, na alikuwa ameizoea baridi ya huko kuliko mimi. Mimi nilimwita Kaka, naye akaniita bwana mdogo.

Sikilizeni vizuri, maana katika safari hiyo nilikaribia kufa, na mwenyewe sikujua.

Barabara yenyewe

Tazameni ramani ya dunia. Kanada ipo juu kabisa ya Amerika ya Kaskazini. Pembeni yake, upande wa magharibi, pana jimbo liitwalo Yukon. Huko kuna barabara iitwayo Dempster. Huanza kiasi cha kilomita 40 kutoka mji wa Dawson, nayo huelekea kaskazini kilomita 736 mpaka mji wa Inuvik. Mtu akitaka kuujua urefu wake, na afikiri safari ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi, kisha aongeze nusu ya safari hiyo.

Barabara hii ilifunguliwa mwaka 1979. Karibu yote haina lami. Imejengwa kwa kokoto. Kokoto ni mawe madogo madogo, kama yale tunayochanganya na saruji tukijenga nyumba.

Kwa nini hawakutia lami? Sababu ni hii. Katika nchi ile, chini ya udongo kuna ardhi iliyoganda kwa barafu, na haiyeyuki mwaka hata mwaka. Ukiondoa majani na udongo wa juu, jua litaifikia barafu ile, nayo itayeyuka. Hapo ardhi hugeuka tope na barabara huzama. Basi wajenzi walimwaga kokoto nyingi, unene wa mita moja na zaidi, na mahali pengine zaidi ya mita mbili, ili zifunike ile ardhi kama blanketi. Sisi hujifunika blanketi ili tupate joto. Wao waliifunika ardhi ili ibaki na baridi yake.

Tangu mwanzo wa barabara mpaka kituo cha kwanza cha petroli, mahali paitwapo Eagle Plains, ni kilomita 369. Katikati hapana petroli, hapana duka wala kijiji. Kuna milima, mito, miti midogo iliyodumaa, na dubu. Kwa hiyo kila mmoja wetu alifunga dumu la petroli nyuma ya pikipiki, pamoja na hema, blanketi, chakula cha siku nne, na vifaa vya kuzibia tairi.

Usiku wa kuamkia safari tulilala Dawson. Tulipokuwa tunakula, rafiki yangu aliniambia, "Sikiza, bwana mdogo. Tufanye sharti moja. Mmoja wetu akisema tusimame, tunasimama. Hakuna kubishana. Tutabishana baadaye, tukisha kaa pakavu."

Sharti ni neno la mapatano, jambo ambalo watu wamekubaliana kwamba ni lazima litimizwe. Mimi nilicheka, nikasema, "Hilo ni jambo dogo, Kaka. Nimekubali." Ahadi inayotolewa chini ya paa, tumbo likiwa limeshiba, ni rahisi kuitoa.

Akaniambia tena, "Vaa nguo za sufu ndani." Sufu ni manyoya ya kondoo yaliyofumwa. Nguo ya sufu hata ikilowa huhifadhi joto kidogo. Nguo ya pamba ikilowa hunywa maji, ikayashika, ikaganda mwilini kama kitambaa cha kukandia mgonjwa wa homa. Mimi nilikuwa na fulana zangu mbili za pamba, nzuri, mpya. Nikaona zinatosha, kwa kuwa juu yake nitavaa koti. Ulikuwa mwezi wa Agosti, na nilijiambia kuwa Agosti kwao ni kiangazi.

Mvua

Tuliondoka asubuhi na mapema. Kwa saa mbili za kwanza jua liliwaka, na milima ilikuwa myekundu na ya manjano, kwa sababu huko majani huanza kubadilika rangi mwezi huo wa nane. Niliimba ndani ya kofia yangu ya chuma.

Kisha mawingu yakashuka. Mvua yenyewe haikuwa kubwa kama ya masika kwetu. Ilikuwa nyembamba, ya ubavuni, isiyokoma. Barabara ikalainika, ikawa kama sabuni. Gurudumu la mbele lilikwenda litakako. Tulipunguza mwendo, tukaenda polepole, miguu tayari kushuka chini.

Tulipovuka mto Ogilvie na kuanza kupanda mgongo wa mlima, nilisikia pikipiki yangu inayumba nyuma. Jiwe lenye makali lilikuwa limekata tairi. Tulisimama. Ilitubidi kufungua gurudumu, kutoa mpira wa ndani, kuuziba, na kuurudisha, yote hayo katika mvua. Glavu za mikono nilizivua, kwa kuwa huwezi kuziba mpira ukiwa umezivaa. Nikaziweka chini. Zikalowa. Maji yakaingia shingoni, yakazifikia zile fulana zangu za pamba. Kazi ambayo nyumbani ingenichukua nusu saa ilituchukua saa mbili.

Rafiki yangu alinitazama, akasema, "Badili nguo kabla hatujaondoka."

Nikajibu, "Nitabadili tukifika. Hapa nitalowa tena."

Kipimajoto kidogo kwenye pikipiki kilisema digrii 5. Ndugu wanafunzi, digrii 5 ni baridi, lakini si baridi ya kuua mtu aliye mkavu na aliyetulia. Ila mtu wa pikipiki hutengeneza upepo wake mwenyewe. Upepo huo huondoa joto mwilini. Na maji hunyang'anya mwili joto upesi kupita hewa kavu, tena kwa mara nyingi sana. Weka mambo hayo matatu pamoja: baridi, upepo na maji. Hapo ndipo hatari ilipo.

Ufunguo

Mwanzoni nilitetemeka. Kutetemeka ni kule mwili unapotikisika wenyewe bila wewe kutaka. Msikudharau. Ni mwili unafanya kazi ya kujipatia joto. Meno yaligongana, mabega yakaruka. Nilijiambia, bado kidogo tutafika.

Baada ya muda nikaacha kutetemeka. Nikafurahi. Nikafikiri, "Sasa nimezoea." Wala sikusikia baridi tena kama mwanzo. Nilisikia usingizi, usingizi mtamu, kama wa mtu aliyekula ubali mchana wa jua. Barabara ilionekana mbali, kana kwamba naitazama ndani ya chupa.

Mara nikasikia honi nyuma yangu, ndefu. Rafiki yangu akanipita, akasimamisha pikipiki yake mbele yangu, akainua mkono. Nikasimama, kidogo nianguke.

"Tunalala hapa," akasema. "Pale pembeni pana shimo la kuchimbia kokoto. Pana kinga ya upepo."

Nikamwambia, "Kaka, zimebaki kilomita 70 tu. Eagle Plains kuna kitanda na chakula cha moto. Mimi naendelea."

Hakubishana nami. Akaniambia, "Kutanisha kidole gumba na kidole cha mwisho."

Nikajaribu. Vidole havikukutana. Nikavitazama kama vidole vya mtu mwingine.

"Hesabu kutoka ishirini, ukirudi nyuma."

Nikaanza. Ishirini, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na saba. Hapo nikakwama. Mimi, fundi ninayepima vyuma kila siku, sikujua ni namba gani iliyo kabla ya kumi na saba. Lakini badala ya kuogopa nikakasirika. Nikamwambia maneno mabaya, ambayo sitayarudia mbele ya watu wazima wenye heshima. Nikamwambia kwamba yeye ni mwoga na mzee, nami si mtoto wake.

Rafiki yangu akanyosha mkono, akazima pikipiki yangu, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwake. Kisha akageuka, akaanza kufungua hema.

Alifanya haya yafuatayo, nami nayataja moja moja ili myakumbuke. Kwanza, alinitoa kwenye mvua na upepo. Pili, alinivua nguo zote zilizolowa, akanivika zake kavu, hata kofia yake ya sufu. Tatu, alitandika mikeka chini ili ardhi isininyonye joto, akanifunga mablanketi. Nne, alichemsha maji, akayatia katika chupa, akazizungushia kitambaa, akaniwekea makwapani na kifuani. Tano, alipoona kwamba naweza kumeza vizuri, alininywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Hakunisugua mikono wala miguu. Wala hakunipa kileo. Watu husema kileo huleta joto, lakini kileo hulitoa joto la ndani na kulileta kwenye ngozi, likapotea.

Baada ya muda nikaanza kutetemeka tena. Yeye alipoona natetemeka, akasema, "Alhamdulillahi." Mimi nilishangaa kwamba mtu anashukuru kuona mwenzake anatetemeka. Sasa naelewa. Mwili wangu ulikuwa umerudi kazini.

Joto la mwili wa mtu mwenye afya ni kiasi cha digrii 37. Likishuka chini ya 35, mtu yumo hatarini. Na kitu kimoja kinachoharibika mapema ni akili. Mgonjwa wa baridi husema yu mzima. Hulewa bila kunywa. Kwa hiyo huwezi kumwuliza yeye, maana kile anachojipimia ndicho kilichoharibika. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Nami nasema, mtu wa baridi hajipimi.

Asubuhi mvua ilikuwa imepungua. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe kwa maneno yangu ya jana."

Akanipa ufunguo, akasema, "Ufunguo ni wako. Lakini sharti lilikuwa letu sote."

Makaburi manne

Tulifika Eagle Plains, tukakausha vitu vyetu, tukaendelea. Katika kilomita ya 405 tulivuka mstari ambao kaskazini yake, siku za katikati ya mwaka, jua halizami hata usiku. Tukavuka mto Peel kwa pantoni. Pantoni ni chombo kipana cha kuvusha watu na magari, kama kile cha Kigamboni. Hii ya Peel huvutwa kwa kamba ya chuma kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ng'ambo ya pili ni kijiji cha Fort McPherson, makao ya watu wa kabila la Gwich'in.

Katika kijiji hicho, karibu na kanisa, kuna makaburi ya askari wanne. Nataka mjue habari zao, kwa kuwa ndizo zilizoipa barabara jina lake.

Zamani, kabla ya barabara, askari wa polisi walikuwa wakipeleka barua wakati wa baridi kati ya Fort McPherson na Dawson, kwa magari ya kuteleza yanayovutwa na mbwa. Tarehe 21 Desemba 1910, Inspekta Francis Fitzgerald aliondoka Fort McPherson pamoja na watu watatu, Carter, Kinney na Taylor. Walipunguza mizigo ya chakula ili wasafiri upesi. Carter ndiye aliyekuwa kiongozi wa njia, lakini alikuwa ameipita njia ile mara moja tu, miaka kadhaa nyuma, tena akitokea upande wa pili.

Njiani walikutana na Mgwich'in mmodja aliyeitwa Esau George, mtu aliyeijua nchi. Aliwaongoza siku chache. Kisha, siku ya kwanza ya Januari 1911, wakamlipa, wakamwacha aende zake. Waliona sasa watafika wenyewe.

Hawakukiona kijito walichokuwa wakikitafuta. Walitafuta siku nyingi katika baridi kali, na chakula kikawa kinakwisha. Walipokubali kurudi nyuma walikuwa wamechelewa. Walikula mbwa wao mmoja mmoja. Wote wanne walikufa. Wawili wa mwisho walikuwa wamebakiza kiasi cha kilomita 40 tu kufika Fort McPherson walikotoka.

Askari aliyetumwa kutoka Dawson kuwatafuta aliitwa William Dempster. Yeye aliandamana na mwongozaji wa kabila la Gwich'in. Aliiona miili ya wenzake mwezi wa Machi 1911. Barabara tuliyopita sisi imeitwa kwa jina lake.

Tulisimama pale makaburini, mimi na rafiki yangu, kofia mikononi. Sikuwacheka wale marehemu. Walikuwa watu hodari, na nchi ile waliijua kuliko mimi. Lakini niliwaza juu ya asubuhi ile ya siku ya kwanza ya mwaka, walipomlipa Esau George na kumuaga. Bila shaka walijiona wana akili timamu. Mimi pia nilijiona hivyo, siku mbili kabla, nilipodai ufunguo wangu.

Siku iliyofuata tuliingia Inuvik. Mji ule uko kaskazini sana, lakini una msikiti. Haukujengwa pale. Ulijengwa Winnipeg, mwaka 2010 ukabebwa juu ya lori na kisha juu ya tishari mtoni, safari ya kilomita kama 4,000, hata ukafika. Rafiki yangu aliingia kusali. Mimi nilikaa nje nikilinda pikipiki, na nikafikiri kwamba hata nyumba ya sala haikufika huko peke yake. Ilisindikizwa.

Tujifunze nini?

Mtasema, "Mwalimu, sisi hatuendi Kanada." Ni kweli. Lakini nani kati yetu hajapanda bodaboda katika baridi ya Njombe au Lushoto mwezi wa Julai? Mvuvi aliyelowa usiku kucha katika ngalawa, mchungaji aliyenyeshewa mlimani, mtoto aliyetoka shule akipita mto, wote hao baridi yaweza kuwapata. Si lazima pawe na theluji. Yatosha nguo zilizolowa, upepo, na mwendo mrefu.

Shikeni mambo manne.

La kwanza, chukua nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na ulowapo, ubadili mapema, kabla hujachoka.

La pili, mtazame mwenzako. Akianza kujikwaa, kudondosha vitu, kusema maneno yasiyoeleweka, au kukasirika bila sababu, msimamishe.

La tatu, mtu aliyekuwa anatetemeka akiacha ghafla naye bado amelowa, msifurahi. Mtoeni kwenye baridi, mpasheni joto, na mpelekeni kwa mganga wa hospitali upesi.

La nne ndilo kubwa. Kabla ya safari, ukiwa na akili zako, chagua mtu ambaye atakuwa na haki ya kukusimamisha. Dereva aliyesinzia hajui kuwa amesinzia. Mlevi hajui kuwa amelewa. Mwenye homa kali huona yu mzima, akataka kwenda shamba. Wote hao wahitaji mtu wa kuchomoa ufunguo. Na siku atakapouchomoa, utamkasirikia. Mkasirikie, lakini mtii.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini barabara ya Dempster imejengwa kwa kokoto nyingi?
2. Mambo gani matatu yalipokutana yalimletea msimulizi hatari?
3. Rafiki yake alimpima kwa njia gani mbili?
4. Fitzgerald na wenzake walikosea wapi? Je, wewe ungalifanyaje?
5. Katika safari au kazi yako, ni nani mwenye haki ya kukuambia "simama"? Andika jina lake katika daftari lako, kisha nenda ukamwambie.

Swali la tano halina majibu ya kusahihishwa na mwalimu. Lakini lisikose kufanywa.

Hadi somo lijalo, kwaherini, ndugu wanafunzi. Mnaorudi nyumbani usiku, rudini wawili wawili.